Naomba ushauri: beseni za kuchezea za kila msimu kwa watoto wa chekechea

Habari zenu wapendwa. Nina watoto 12 wa miaka 3 hadi 4, na nataka kila msimu uwe na beseni lake la kushika, kunusa na kusikiliza. Wakati wa mvua nimepanga udongo wa mfinyanzi na maji ya kumiminia. Kiangazi, mchanga na majani makavu. Kokoto na mbegu nimeziacha, maana wadogo bado wanatia kila kitu mdomoni.

Kinachoniumiza ni mmoja asiyetaka kabisa kugusa kitu chenye unyevu. Analia, anaficha mikono. Nilimpa kijiko na brashi, akasogea kidogo. Nimwache atazame tu, au kuna namna ya kumzoesha taratibu bila kumlazimisha? Na majani, mnayatunzaje yasiote ukungu?