Unaushukuruje mwili ambao unaukumbuka tu ukiuma?

CherehaniKondele:
Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kondele, Kisumu. Nashonea kwenye veranda ya duka, karibu na steji ya matatu, na cherehani yangu ni ile ya kukanyaga. Januari shule zikifunguliwa ni sare tu, asubuhi mpaka taa za barabarani ziwake.

Kwenye chama chetu cha akina mama alikuja mshauri nasaha akatufundisha kuushukuru mwili. Tuwe na daftari, kila usiku tuandike mambo matatu ambayo mwili umetufanyia. Nikaandika: asante macho, asante miguu, asante mgongo. Kesho yake yale yale. Na huo mgongo ninaouandikia asante, wakati huo unawaka moto! Nikaona namdanganya Mungu na daftari pia.

Swali langu: kuna mtu anayeweza jambo hili katikati ya kazi, bila daftari na bila uongo? Mwili ukinyamaza mimi nausahau kabisa. Na tafadhali msiniambie nilale chali nivute pumzi. Pale verandani nitakanyagwa.

Viungo_Kakamega:
Dada fundi, pole na kazi. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Daftari si baya, ila umepewa la usiku, saa ambayo mwili umechoka na ulichofanya mchana umeshakisahau. Anza na kazi yenyewe.

Shika mkono wako wa kulia kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Sasa chezesha vidole vya kulia kana kwamba unakata kitambaa. Umesikia kinachojongea humo ndani? Hiyo ndiyo misuli inayokunja vidole. Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja, vinavutwa kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono, pamoja na misuli midogo ya kiganja. Miaka yote hiyo wateja wanasifu vidole vyako, kumbe mwenye kuvuta yuko huku juu. Wagonjwa wangu wakigundua hili hucheka wenyewe, na sijawahi kumwambia hata mmoja ashukuru.

Halafu miguu. Damu kushuka hadi kwenye nyayo ni rahisi, kazi ni kurudi moyoni. Misuli ya shavu la mguu ikijikaza inaiminya mishipa inayorudisha damu, na ndani ya mishipa hiyo kuna vali ndogo zinazoizuia damu isiteremke tena. Kwa hiyo ukikanyaga cherehani unaisukuma damu yako mwenyewe ipande. Wanaokuja kwangu vifundo vimevimba mara nyingi ni wale wanaokaa kutwa mguu haujasogea. Chagua upindo mmoja tu kwa siku, ukiushona fikira ziwe kwenye shavu la mguu. Upindo ukiisha, endelea na umbea wako na jirani.

Kuhusu uongo, una haki. Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa kutafakari, alipoanzisha programu yake ya kupunguza msongo wa mawazo mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, miongoni mwa waliopelekwa kwake walikuwapo wengi wenye maumivu sugu, watu ambao hospitali zilikuwa zimewahangaikia mpaka basi. Zoezi lake moja ni kuupitia mwili kwa fikira, toka vidole vya miguu hadi utosini. Ukifika panapouma unapaangalia jinsi palivyo. Hakuna anayekutaka upasifu.

Na huo mgongo unataka usimame. Kila shati likiisha, inuka, jinyooshe, tembea mpaka kwa mama mboga urudi. Ukianza kusikia ganzi mguuni, nenda hospitali, usingoje ushauri wa jukwaani.

Mzee_wa_Lanet:
Binti yangu, mimi ni dereva mstaafu wa malori, niko Lanet, Nakuru. Sisi Waislamu tuna hadithi ya Mtume (SAW) kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na kila kiungo kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza. Wataalamu wa mifupa wana hesabu zao, sibishani nao. Ninachokipenda ni jinsi deni lenyewe linavyolipwa: neno jema ni sadaka, kumsaidia mtu kupakia mzigo wake ni sadaka, kuondoa jiwe au mwiba njiani ni sadaka, na rakaa mbili za dhuha, ile sala ya asubuhi jua likishapanda, zinatosheleza. Hapo hakuna daftari, mwili unashukuriwa kwa kutumwa.

Mnawajua madereva wetu. Lori likiharibika wanaweka mawe nyuma ya tairi, likipona wanaondoka, mawe yanabaki barabarani yakingoja mtu wa boda boda. Nikikuta moja nikitoka msikitini nainama nalisukuma pembeni. Goti likilalamika naliambia: tulia, unalipa deni.

BintiWebuye:
Naomba nibishe kidogo, kwa heshima. Mimi nina selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu za watu wengi huishi siku 120 hivi, zetu sisi 10 mpaka 20. Maumivu yakinishika, watu wa kanisani wanakuja kuniona na kuniambia nishukuru. Wengine wanafungua Zaburi ya 139, ile ya kuumbwa kwa jinsi ya ajabu. Naipenda sana, ila si saa ile. Saa ile niletee maji na blanketi.

Wazazi wangu kila mmoja ana jeni moja ya selimundu, na mwenye moja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Ndiyo maana huku magharibi na kando ya ziwa tuko wengi. Mimi nikapata mbili. Je, nishukuru au nikasirike? Kuna siku nafanya yote mawili kabla ya chai.

Langu ni maji, kwa sababu ni lazima ninywe mengi. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja kama lita 180 kwa siku, yaani mitungi 9 ya wale wauza maji wa mikokoteni, na karibu yote inarudishwa mwilini. Kinachotoka kwa mkojo ni lita moja au mbili. Selimundu huzichosha figo, kwa hiyo kila kikombe nazikumbuka zangu. Sisemi asante. Nasema tu, haya, chukueni.

Boda_Mamboleo:
Nilifungua nikidhani kuna cherehani inauzwa 😂 Hiyo ya kushika mkono nimeijaribu hapa steji, wenzangu wakaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Lakini ni kweli, kuna kitu kinatembea!

CherehaniKondele:
Asanteni nyote. Mzee wangu wa Lanet, hiyo ya kutumwa imeniingia, maana mimi kukaa kimya siwezi. Upindo mmoja nimeushona leo jinsi Viungo alivyosema. Mguu wa kulia ndio unafanya kazi karibu yote, wa kushoto umewekwa tu pale kama mgeni! Kuanzia kesho nao utakanyaga.

BintiWebuye, pole mdogo wangu. Mimi sikuambii ushukuru. Nina kitambaa kizito cha flana kilichobaki kwenye oda ya masweta, nitumie vipimo vya mabega na urefu wa mkono, kuna matatu ya Webuye napajua pa kuitumia.

Viungo, na macho je? Kutia uzi kwenye sindano siku hizi mpaka nimwite mtoto wa jirani. Ni kuchoka?

Viungo_Kakamega:
Umepita miaka 40? Basi huenda ni lenzi ya jicho, huwa ngumu taratibu kwa kila mtu, inashindwa kubadili umbo ili uone karibu. Kapimwe, pengine ni miwani ya kusomea tu. Na ukikodoa macho kwenye sindano unasahau kupepesa, yanakauka. Pepesa.