Wenye Kikorea cha kuombea maji: neno gani lilikuokoa, lipi lilikuumbua? Tupeane uzoefu

Mgosi wa Mlalo (mleta mada)
Wakuu, leo kwenye daladala ya Mbagala konda kamsemea abiria mmoja kwa dereva, "Huyu hana!" Nikacheka peke yangu mpaka jirani akahamisha mkoba wake.

Mwaka 2018 nilikuwa Seoul wiki tatu kwa mafunzo ya kazi. Jumamosi nikaingia soko la Namdaemun kutafuta soksi. Mama muuzaji akaniinulia kidole kimoja: "Hana? Hana?" Damu ikachemka. Yaani na shati langu hili la kunyoosha bado naonekana sina? Nikachomoa noti ya won 50,000 na kumpepea nayo. Akanifungia pea kumi. Kumbe "hana" kwao ni moja, alikuwa anauliza kama nataka pea moja. Na "moja" kwao ni kofia, kwa hiyo usijitetee kwa Kiswahili, utavikwa.

Mpwa wangu anaondoka mwezi ujao kwenda huko, anataka maneno ya kuanzia. Mimi nilirudi na mawili tu, gamsahamnida, asante, na juseyo, naomba. Mwageni yenu.

Binti Makunduchi
Juseyo inatosha kabisa kumlisha mtu. Unaonyesha kidole, "igeo juseyo", naomba hiki. Maji, "mul juseyo". Sisi tusiokula nguruwe tunaongeza "dwaejigogi ppae juseyo", nguruwe mtoe. Nilikaa siku mbili nalitamka bafuni kama wirdi. Nikaenda mgahawani nikalisema vizuri, mama wa watu akaitikia "ne, ne", nikafurahi. Chakula kikaja na ham, ile nyama ya nguruwe ya vipande, juu yake! Namuonyesha, ananishangaa: hiyo si nyama, hiyo ni ham. Baada ya hapo nikawa nakula Itaewon, mtaa wa Seoul, karibu na ule msikiti mkubwa wa mwaka 1976, pale pembeni halali ipo.

kiboko_ya_njia
"Ne" ni ndiyo. Mimi nilidhani wananihesabia, nne, nne.

Binti Makunduchi
😂 Hata mimi!

Fundi Nondo
Mimi sijafika Korea, Korea ilinifuata Dar. Nilikuwa saiti moja, mainjinia Wakorea watupu. Siku ya kwanza mzee mmoja amesimama juani anatupigia kelele "ppalli ppalli!" Kijana wetu mmoja, mtu wa heshima sana, akaenda kwa mama ntilie akarudi na pilipili mbuzi tatu kwenye kikaratasi, akampa kwa mikono miwili. Mzee akaziangalia, akamwangalia kijana, akala moja. Hakutoa hata chozi. Ppalli ppalli ni haraka haraka. Kijana alipandishwa akawa msaidizi wa stoo.

Kamau wa Thika
Hiyo ya mikono miwili ndiyo ilimpandisha cheo. Huko ukimpa mtu mzima kitu kwa mkono mmoja ni kama umemtupia.

Mtoto wa Pangani
Mgosi, umenikumbusha kitu nilichokuwa nimekizika. Ngoja nikisimulie.

Daejeon, mwisho wa Februari, nimeenda kusoma shahada ya pili, masomo kwa Kiingereza, kwa hiyo Kikorea nilikidharau. Siku ya pili mwenye nyumba kaniambia chumba chako "sam cheung", ghorofa ya tatu, kanipa namba za mlango kwenye karatasi. Kule milango haina funguo, unabonyeza namba. Jioni nikatoka kununua blanketi. Narudi saa nne usiku, baridi iko chini ya sifuri, simu imezima kwa baridi. Napanda ngazi nikihesabu kama nilivyofundishwa Pangani: chini, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikabonyeza namba. Mlango ukalia vibaya. Nikarudia. Ukalia. Mara ya tatu ukaanza kupiga king'ora.

Ndani nikasikia sauti ya bibi: "Nuguseyo?"

Sasa watu wa bara mnisamehe, kwetu pwani nugu ni kima. Nimesafiri siku nzima na nusu, nimeganda, halafu mtu hajaniona hata sura ananiita nugu kupitia mlangoni. Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti: "Nugu mwenyewe!"

Kimya. Kisha: "Nugu?"

"Nugu wewe!"

"Nugu??"

Tumejibizana hivyo sijui mara ngapi. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo bado umefungwa. Bibi mfupi, kavaa kizibao cha maua, ananiangalia nimekumbatia blanketi kwenye mfuko wa nailoni. "Aigo," akasema, "haksaeng!" yaani mwanafunzi. Akavaa kandambili, akanishika mkono wa koti, akanishusha ngazi mpaka ghorofa ya chini yake, akanionyesha nibonyeze. Mlango ukaimba ukafunguka. Wenzetu ghorofa ya chini kabisa ndiyo ya kwanza! Nilipanda moja zaidi. Sijakaa hata dakika kumi, hodi. Ni yeye, na kiazi kitamu cha kuchoma kwenye karatasi ya foili. Nilikuwa na neno moja tu la kumpa, nikalisema kama mara sita.

Kesho yake kwenye darasa la lugha mwalimu anaandika ubaoni: nugu, nani. Nuguseyo, ni nani mwenzangu? Nilijiinamia mpaka kipindi kikaisha. Miezi sita baadaye Kikorea kimekaa, nikamsimulia bibi. Alicheka akashika ukuta. Tangu siku hiyo akinikuta ngazini hasemi jina langu, anasema "Nugu!"

kiboko_ya_njia
Nimecheka mpaka mtoto ameamka. Yaani yeye anauliza nani, na wewe unamuuliza nani 😂😂

Chifu Ugoro
Chai hii, tena haina sukari. Bibi gani anamfungulia mtu mweusi usiku? Nimekaa Ansan miaka minne, kwenye basi kiti cha pembeni yangu kilikuwa kinabaki wazi.

Mtoto wa Pangani
Chifu, kiti chako kilibaki wazi Ansan, mlango wangu ulifunguliwa Daejeon. Yote yanawezekana.

Chifu Ugoro
Sawa Nugu.

Fundi Nondo
Jina limeshapatikana.

Mwalimu Rehema
Turudi kwenye mada. Mpwa aachane na haya maandishi ya kizungu. Hangul, maandishi yao wenyewe, ina herufi 24 tu, konsonanti 14 na irabu 10. Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446 ili mtu wa kawaida aweze kusoma. Siku tatu unasoma vibao vya treni.

Kamau wa Thika
Mwalimu, mtu anaenda wiki mbili, unamtwisha mfalme wa mwaka 1446. Aandike kamsamida kiganjani, basi.

Mwalimu Rehema
Ni gamsahamnida.

Kamau wa Thika
Nimesikia kwa masikio yangu, ni K.

Mwalimu Rehema
Sauti iko katikati ya K na G, ndiyo maana nasema asome Hangul!

Mama Shani
Mkimaliza K na G, mwambieni habari ya hesabu, huko ndiko pesa zinakopotelea. Wana namba za aina mbili. Hana, dul, set ni za kuhesabia vitu na saa. Il, i, sam ni za pesa na dakika. Na pesa wanahesabu kwa "man", yaani elfu kumi. Soko la Dongdaemun nimeambiwa mkoba "sam man", nikasikia elfu tatu, nikajiona nimeokota. Ilikuwa elfu thelathini. Nikajaribu "kkakka juseyo", nipunguzie. Akanipunguzia elfu moja na kunipa soksi.

Mgosi wa Mlalo
Soksi tena!

Dogo Janja wa Kigamboni
Mimi nilijifunzia tamthilia za dada yangu. Nikafika nikamwita msimamizi wangu "oppa". Ofisi nzima ikasimama. Oppa ni la mwanamke kumwita kaka yake. Mwanaume unasema "hyeong", na kazini hata hilo usiseme, mwite kwa cheo, "sajangnim" kama ndiye mwenye duka. Na mzee usimwambie "annyeong" tupu, ni sawa na kumwambia babu yako "mambo". Annyeonghaseyo, na kichwa kiiname.

Chifu Ugoro
Mama wa mgahawani mwite "ajumma", yaani mama mtu mzima.

Binti Makunduchi
Usimsikilize huyu! Wengine wananuna. Sema "imo", mama mdogo, au "yeogiyo" tu, samahani hapa.

Chifu Ugoro
Miaka minne nimesema ajumma na nimekula.

Kamau wa Thika
Umekula, lakini hukuongezwa.

Mama Shani
Na wakimuuliza "bap meogeosseoyo?", umekula? ni salamu tu. Mimi nilisema bado, nikakaa nikisubiri sahani.

Mgosi wa Mlalo
Jamani, mpwa anasoma hapa pembeni yangu, anauliza choo.

Mwalimu Rehema
"Hwajangsil eodieyo?" Akikwama kabisa apige 1330, simu ya watalii, wanaongea Kiingereza.

kiboko_ya_njia
Kuuliza si kazi, kazi ni jibu. Mimi nilijibiwa sentensi ndefu ya adabu, nikaitikia "ne, ne", nikatokea jikoni. Aangalie mkono unaelekea wapi.

Mtoto wa Pangani
Na ahesabu ghorofa.