Penga Penga: nani aliwaambia wajenge pale?

Mzee wa Njanja: Ndugu wa Lubumbashi, kiwanda cha shaba cha Union Minière kilianza kuyeyusha 1911, na upepo wetu wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo gesi ya salfa na chembe za metali ziliangukia kaskazini-magharibi mwa shemine, bomba la moshi la kiwanda, hadi mtaa wa Penga Penga. Leo watu wamejenga pale, na parseli, yaani viwanja, bado zinauzwa ukutani mwa viwanda vingine. Tuhamishe watu au viwanda?

Mtoto wa Bel-Air: Kuhamisha nani? Watu wametoa pesa zao! Na nyinyi mnaolia moshi wa viwanda, piteni komini yetu ya Kenya jioni: kila mlango mbabula, jiko la mkaa, macho yanawasha. Anzeni hapo.

Mama Katuba: Kijana, mbabula imekukosea nini? Umeme kwetu unarudi saa sita usiku. Niamshe watoto wale bukari, ugali wetu, usingizini?

Mtoto wa Bel-Air: Mama, kwa heshima zote, nimesema Kenya. Wewe ni wa Katuba.

Mama Katuba: Dada yangu anakaa Kenya. Umemtukana yeye.

Fundi Kamalondo: Bel-Air wanapika na nini, jua? 😂 Ile shemine ilizimika zamani, tangu miaka ya 90. Mnapigana na maiti. Vumbi la sasa ni la malori.

Mwanafunzi Kasapa: Fundi, moshi ulikwisha, udongo ukabaki. Shaba haiozi. Penga Penga kuna sehemu hata nyasi hazioti, watafiti walijaribu kupanda miti kwa chokaa na samadi. Kiangazi vumbi lile lile linaingia kwenye sufuria. Na 2009 watafiti wa Unilu, chuo kikuu chetu, na wa chuo cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda, kobalti ilikuwa juu sana, watoto zaidi.

Fundi Kamalondo: Mkojo tena! Wakati wa ukoloni Wabelgiji walitutenga sisi na mji wao, eneo tupu mita 500 au 700, eti mbu wetu wasiwafikie. Mbu alipangiwa mji, moshi hapana.

Mtoto wa Bel-Air: Kila kitu Mbelgiji. Parseli za juzi amegawa yeye? Kuna mtu anapiga muhuri, na anakaa Golf, mtaa wa matajiri.

Mama Katuba: Hapo umesema. Lakini dada yangu hujamwomba radhi.

Mtoto wa Bel-Air: Mama, poleni, wewe na dada. Ila makala, mkaa wa mbabula, yanamaliza msitu, baiskeli zinayatoa mbali kila mwaka zaidi.

Mama Katuba: Radhi gani hiyo yenye mkia? Ninunulie chupa ya gesi basi.

Mzee wa Njanja: Jamani, niliuliza viwanda.

Fundi Kamalondo: Mzee, ngoja kwanza. Mama, gesi ndani ya nyumba yenye watoto? Ile inalipuka!

Mama Katuba: Fundi, wewe umeshaona ngapi zikilipuka?