Mke Mtanzania, mume Mkenya: ukaazi, uraia na mtoto

Tausi_Arusha:
Habari zenu wadau. Mimi Mtanzania, mume wangu Mkenya, tunaishi Arusha. Tumekaa pamoja miaka saba, ila ndoa ya bomani tulifunga miaka minne iliyopita. Mtoto wetu ana miaka mitatu, kazaliwa hapa. Tunafikiria kuhamia Nakuru. Je, miaka hiyo saba inanitosha kuomba uraia wa Kenya? Nikiupata nabaki na wa Tanzania? Mtoto ni wa nchi gani? Na tukiamua kubaki Arusha, mume anaweza kupata uraia kupitia mimi?

Karani_Mstaafu:
Dada Tausi, toa cheti cha ndoa uangalie tarehe, maana hesabu inaanzia hapo. Ibara ya 15 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa haki ya kuomba kuandikishwa uraia mtu aliyekuwa kwenye ndoa na raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua saba. Haibagui mume wala mke. Ninyi mna minne, bado mitatu.

Miaka mliyokaa kabla ya cheti haiingii. Hapa ndipo watu hujichanganya, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa wanandoa watu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua hivyo. Dhana hiyo ni ya mahakamani, kwa mambo ya mali na matunzo. Inaweza kupingwa kwa ushahidi, na haizai cheti. Ofisa wa uhamiaji hana pa kuiandika.

Lakini kuna mlango ambao umekwisha kufunguka kwako. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011, kifungu cha 37, inamruhusu mwenzi wa Mkenya kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Mwenye ukaazi wa kudumu anaishi na kuajiriwa Kenya bila kubadili uraia. Mimi ningeanza na huo kabla ya kuwaza uraia.

Wakati maombi yanasubiri, usikae kwa muhuri wa mpakani. Raia wa Afrika Mashariki hupewa hadi miezi sita ya matembezi, na wengi hudhani ni ruhusa ya kazi. Siyo. Omba pasi ya mtegemezi kupitia mume, na ukizidisha siku 90 jiandikishe upate kadi ya mgeni. Pasi ya mtegemezi nayo hairuhusu ajira. Ukitaka kazi kabla ya ukaazi wa kudumu, lazima kibali cha kazi.

Na tangu sasa tunzeni karatasi zenye majina yenu wote wawili: mkataba wa pango, akaunti ya pamoja, cheti cha mtoto. Siku ya kuomba uraia, ile Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya inataka ionekane kwamba mnaishi pamoja na kwamba ndoa haikufungwa kwa ajili ya makaratasi.

Wakili_wa_Mtaa:
Naongezea kwenye uraia wa nchi mbili, maana hapa kosa halirudishiki kirahisi. Kenya itakukubali ukiwa na uraia mwingine. Tanzania ndiyo haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo usisikie "Kenya wanaruhusu" ukadhani swali limeisha. Sheria mbili zinakuangalia kwa wakati mmoja, na ile kali zaidi ndiyo inayokubana.

Fikiria na ardhi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kama kiwanja cha Arusha kina jina lako kwa kuwa mume hawezi kuandikwa, ukiacha uraia wako kiwanja hicho kinaingia kwenye maswali, na mume hawezi kukishika badala yako. Hii ni sababu nyingine ya kushika ukaazi wa kudumu na kuuacha uraia mahali ulipo.

Kuhusu mume: Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, kifungu cha 11, inampa nafasi mwanamke aliyeolewa na Mtanzania. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hakutajwa. Naona ni dhuluma kwa mabinti zetu na ninatamani ibadilishwe, lakini leo ndivyo ilivyo. Mumeo atapita njia ya tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia, kama mgeni mwingine yeyote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hiyo miezi awe na jumla ya miaka saba ya ukaazi, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na Waziri aridhie. Miaka hiyo iwe ya vibali halali vya ukaazi: Daraja A kwa mwenye biashara yake, Daraja B kwa mwajiriwa, na huyu wa B aanze na kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi. Na akipewa tajnisi, atatakiwa kuukana uraia wa Kenya.

Jirani_Njoro:
Kwa mtoto msiwe na wasiwasi. Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya Kenya inasema yeyote ambaye baba au mama yake ni Mkenya siku anayozaliwa ni raia kwa kuzaliwa, hata akizaliwa Arusha. Kwa Tanzania pia ni raia. Mnachohitaji ni cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi Tanzania) chenye jina la baba. Akikaribia miaka 18 ndipo Tanzania itamtaka achague. Akitaka kubaki Mtanzania aukane wa Kenya rasmi. Anzeni mapema, msingoje siku ya kuomba pasipoti ya utu uzima.

Tausi_Arusha:
Asanteni sana. Ila nimeangalia cheti cha ndoa: jina langu limeandikwa Fatma, pasipoti na kitambulisho cha taifa (NIDA) ni Fatuma. Ni tatizo?

Karani_Mstaafu:
Ni tatizo, tena ndilo linalorudisha mafaili mengi. Usibadili pasipoti. Kwanza uliza waliosajili ndoa kama kosa ni lao, warekebishe kwenye daftari na kukupa nakala mpya. Wakishindwa, nenda kwa wakili uandikiwe hati ya kiapo ya jina inayosema Fatma na Fatuma ni mtu mmoja, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Kiapo kisichosajiliwa mara nyingi hukataliwa. Angalia pia cheti cha mtoto, jina la mama limeandikwaje, ili mrekebishe vyote kwa safari moja.

Tausi_Arusha:
Cha mtoto kiko Fatuma. Jumatatu naenda bomani na cheti cha ndoa.