Neverland: ingehitaji nini kuwafungulia tena watoto wagonjwa na umma?

Mdau_wa_Kisauni
Wakuu, habari za leo. Naulizia Neverland, ranchi ya marehemu Michael Jackson huko Los Olivos, California. Enzi zake mabasi ya watoto wagonjwa yalikuwa yakiingia pale, wanapanda treni na bembea, wanaona wanyama, wanatazama sinema, hawalipi hata senti. Graceland, nyumba ya mwanamuziki Elvis Presley, ilifunguliwa kwa umma tarehe 7 Juni 1982, hata miaka mitano haijatimia tangu afariki. Neverland geti limefungwa mpaka leo. Ni pesa, ni sheria, au ni wenyewe hawataki? Na mtu akikabidhiwa kazi ya kuifungua, aanzie wapi?

Hati_Kwanza
Aanzie kwenye hati ya shamba, mkuu. Wengi wanadhani ranchi iko mikononi mwa familia, kumbe sivyo. Jackson aliinunua 1988. Mwaka 2008 mkopo wa dola milioni 24.5 ulipomwelemea, kampuni ya Colony Capital ilinunua deni hilo na hati ikahamia kwenye kampuni ya ubia. Kwa hiyo alipofariki Juni 2009 alikuwa na sehemu yake katika ubia, si shamba zima. Likawekwa sokoni 2015 kwa dola milioni 100, na Desemba 2020 bilionea Ron Burkle akalipata kwa takriban milioni 22.

Wakfu wa familia ya Jackson unatenga asilimia 20 kwa ajili ya hisani, lakini fungu hilo haliwezi kufungua geti la shamba la mtu mwingine. Mwenye neno ni mmiliki. Graceland ilibaki kwa familia, na gharama za kuitunza, kama nusu milioni ya dola kwa mwaka, ndizo zilizomsukuma Priscilla, aliyekuwa mke wa Elvis, kuanza kuuza tiketi.

Bomba_na_Barabara
Tuseme mmiliki amekubali. Kuna kitu wapenzi wa Jackson hawakipendi kukisikia: wale watoto waliingia kama wageni wa mwenye nyumba. Ukianza kupokea umma kwa ratiba, kaunti ya Santa Barbara inaliona eneo kama biashara ndani ya ardhi ya kilimo. Utahitaji kibali cha matumizi maalumu na tathmini ya mazingira, na hapo majirani wana haki ya kusikilizwa.

Yanayokwamisha hasa ni maji, choo, barabara na moto.

Maji: kwa sheria ya Marekani, mfumo unaohudumia watu 25 au zaidi kwa siku zisizopungua 60 kwa mwaka ni mfumo wa umma. Kisima cha ranchi kikifika hapo kinadaiwa kibali, vipimo vya bakteria na naitreti vya mara kwa mara, na mtu anayewajibika.

Choo: kadiria lita 20 hadi 40 kwa mgeni wa kutwa. Wageni 300 ni lita 6,000 kwa uchache, tena ndani ya saa chache. Tangi la nyumba ya familia halihimili. Maji yanapita kwa kasi kabla tope halijatuama, tope linaziba mitaro ya kunyonya, na baada ya muda uchafu unaibuka juu ya nyasi. Kodi vyoo vya kuhamishika, usiguse tangi la nyumba.

Barabara ya kuingilia ni ya vijijini, njia mbili tu. Magari yaachwe mbali, watu waletwe kwa mabasi madogo, kama Graceland wanavyowavusha wageni kutoka ng'ambo ya barabara.

Moto nauogopa kuliko yote. Julai 2024 moto uitwao Lake Fire uliunguza zaidi ya ekari 38,000 kwenye milima ya jirani na watu wakaamriwa kuhama. Vichaka visafishwe mita 30 kuzunguka kila jengo, na watoto wasiletwe kiangazi kabisa. Machi na Aprili vilima bado ni kijani.

Mdau_wa_Kisauni
Nashukuru sana. Na zile bembea, wanyama, sinema?

Fundi_Bembea
Bembea ziliondolewa baada ya 2008, na wanyama walishahamishwa. Sishauri kuzirudisha mwanzoni. Bembea ya kudumu ya umma California lazima ikaguliwe na kupewa cheti kila mwaka, tena iwe na bima isiyopungua dola milioni 1 kwa kila tukio. Wanyama wa maonyesho wana leseni yao kutoka wizara ya kilimo.

Sinema ndiyo ningeipigania. Ilikuwa na viti kama 50, na vyumba vyenye vitanda nyuma ya kioo kwa watoto wasioweza kuketi. Ukumbi wa watu 50 unahitaji milango miwili ya kutokea. Rampu isizidi inchi 1 ya kupanda kwa kila inchi 12 za urefu, mlango uwe wazi sentimita 81 au zaidi, na pawepo duara la mita 1.5 la kugeuzia kitimwendo. Mtoto mwenye mtungi wa oksijeni asikae karibu na jiko la nyama choma.

Hati_Kwanza
Nyongeza juu ya vibali. Paisley Park, makazi na studio ya marehemu mwanamuziki Prince huko Chanhassen, Minnesota, ilikuwa imeshauza tiketi za Oktoba 2016 wakati baraza la mji lilipoahirisha uamuzi kwa hofu ya magari na maegesho. Iliokolewa na vibali vya muda vya siku chache tu, na ruhusa ya kudumu ikaja baadaye mwezi huohuo. Kwa Neverland ningeomba kibali cha muda kwanza: siku 12 kwa mwaka, watoto 40 na walezi wao kila siku, shirika la hisani lije na wauguzi na bima yake, na mkataba uandikwe kwa siku hizo tu. Hapo uko mbali na zile siku 60 za maji, na majirani wanajionea wenyewe idadi ya magari kabla hujaomba kikubwa zaidi.