Mnaovaa alaina za meno hapa Dodoma, usafi mnaufanyaje?

Wa_Mtumba
Habari zenu wakuu. Nimewekewa alaina, zile plastiki za kunyoosha meno ambazo hazionekani, daktari kasema nivae masaa 20 mpaka 22 kwa siku, navua wakati wa kula na wakati wa kunywa chochote kisichokuwa maji matupu, na kabla ya kuzirudisha nipige mswaki. Kwa mdomo rahisi. Sasa mimi natoka Nkuhungu alfajiri naenda ofisini Mtumba, kuna chai ya saa nne, kuna vikao, na kikao bila karanga na chai ya maziwa kwetu sio kikao. Nikivua kila mara masaa hayatimii, nisipovua naambiwa nitatoboka meno. Af kupiga mswaki kwenye sinki la ofisini huku bosi ananawa mikono pembeni yangu, yaani aibu. La pili zimeanza kuweka utando mweupe kama unga, nasugua na dawa ya meno kila siku hautoki na asubuhi zinanuka. Kuna mtu kaniambia nizichemshe. Msaada wakuu.

Babu_Chamwino
Mjukuu si ungeweka tu waya kama wenzio, zile hazivuliwi hakuna mawazo. Anyway loweka kwenye maji ya moto na Jik kidogo, nguo nyeupe zinatakata sembuse hiyo plastiki.

Zuu_wa_Area_C
Babu we Jik mdomoni jamani 😂😂

SisterFizi
Wa Mtumba usifanye hilo la Babu, kwa heshima zote shikamoo Babu. Mimi niko kliniki ya meno kila siku nakutana nazo. Maji ya moto yanaikunja hiyo plastiki, unaweza usione kwa macho ila ukivaa inakataa kukaa, na hapo umeharibu hatua nzima. Maji yawe ya baridi au vuguvugu la kunawia mtoto. Jik nayo inaunguza fizi na kuidhoofisha plastiki.

Dawa ya meno acha, hiyo ni ya meno sio ya alaina. Ina chembechembe za kusugulia, zinaikwaruza, na kwenye mikwaruzo ndiko bakteria wanajificha, ndo hiyo harufu ya asubuhi. Tumia mswaki laini wa peke yake na tone la sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato, ndani na nje, suuza vizuri. Kila ukivua suuza, usiache mate yakaukie.

Huo weupe sasa. Sehemu kubwa ni chumvi za mate, na maji yetu ya Dodoma magumu yanaongezea, angalia birika lako la umeme ndani utauona huo huo ukoko. Kusugua hakutoi. Chukua siki nyeupe sehemu moja, maji sehemu tatu, loweka kama robo saa, sugua taratibu, suuza mpaka harufu ya siki iishe. Mara moja kwa wiki inatosha, af suuza ya mwisho tumia maji ya chupa.

Ila shida yako kubwa mimi naona ni hiyo chai. Mate ndo yanayoosha meno mchana kutwa, ukivaa alaina mate hayapiti vizuri, kwa hiyo sukari iliyobaki pale inafungiwa na jino masaa na masaa. Watu wanakunywa soda nazo mdomoni wanajua ni maji maji tu inapita, haipiti, inaingia inakaa humo. Kama umewekewa vile vidoti vya kushikia alaina, kagua pembeni yake, ukoga unaanzia hapo, na chai inavibadilisha rangi.

Zuu_wa_Area_C
Mimi nilichofanya nimeunganisha, chai ya saa nne naila kweli kweli na kitu kizito, karanga za vikao nimezifuta maishani, navua mara tatu kwa siku basi. Mswaki wa safari upo kwenye mkoba, na siku sinki lina watu nasukutua kwa nguvu na maji ya chupa nje huko, navaa, nikipata nafasi napiga mswaki. Aibu itaisha, siku hizi wenzangu wananiazima dawa ya meno. Usiku uzi wa meno lazima, hapo sibishani na mtu.

Turu_Original
Mimi wa Singida meno yangu yana ile kahawia ya maji, vipi alaina zinanifaa? na dawa ya floraidi niache?

SisterFizi
Kaka Turu usiache. Hiyo kahawia imetokana na floraidi nyingi kwenye maji ulipokuwa mtoto, meno yakiwa bado yanaundwa, mtu mzima haimpati tena. Dawa ya meno yenye floraidi inakukinga usitoboke, na mwenye alaina anaihitaji kuliko wengine. Rangi haitoki kwa mswaki hata usugue mpaka fizi zitoe damu. Alaina unaweza kuvaa, ila mwambie daktari mapema maana kwenye meno ya hivyo vidoti saa ingine vinashika kwa tabu.

Babu_Chamwino
Marahaba. Na mswaki wa mti je?

SisterFizi
Babu unasafisha ukiutumia vizuri, ila kuzunguka vidoti haufiki.

Wa_Mtumba
Sister ubarikiwe, siki naitafuta leo. Na ubuyu na zabibu? Af Jumamosi niko mnadani Msalato, nyama sitaacha.

SisterFizi
Zabibu na juisi ya ubuyu zina tindikali, vua, kula, sukutua na maji, subiri kama nusu saa ndo upige mswaki, ukisugua papo hapo unalila jino. Msalato hivyo hivyo, nyuzi za nyama toa kwa uzi, sukutua, vaa, mswaki utapiga home. Na ubebe kopo lake, usizifunge kwenye tishu ukaweka mezani, wanaokusanya mifupa hawaulizi.

Wa_Mtumba
😂😂 sawa nimekuelewa