Eafraya ya Mama: tununue au tuache?

Dada: Shikamooni wazazi, shikamoo shangazi. Nyie wengine habari za jioni. Nina jambo nataka tulizungumze hapa wote tukiwepo. Mama siku hizi anakaanga huku mkono mmoja umeshika meza, goti linamsumbua. Baba naye daktari kamwambia apunguze mafuta. Nimefikiria tuchangishane tuwanunulie eafraya. Ila sitaki tununue kitu kiishie juu ya kabati. Kila mtu aseme anachokijua.

Kitinda: Mimi nimo. Hata leo natuma 🙌

Kaka: Tulia kwanza. Tujue tunanunua nini.

Shangazi: Marahaba wanangu. Mimi nina swali moja tu. Hicho kitu kinakaangaje bila mafuta? Kukaanga ni mafuta.

Shemeji: Shikamoo shangazi. Umeuliza swali lenyewe. Ukweli ni kwamba haikaangi. Ni oveni ndogo yenye feni kali. Juu ndani kuna koili inayowaka, na feni inasukuma hewa ya moto izunguke chakula kilichomo kwenye kikapu chenye matundu. Ni kama nguo zinavyowahi kukauka siku ya upepo. Chakula kikiwa bado na majimaji juu, joto la pale juu haliwezi kuzidi nyuzi 100, na kwa nyuzi 100 hakipati rangi wala ile harufu ya kuchoma. Kikikauka tu, joto linapanda, kinaanza kuwa kahawia na kukakamaa. Feni inaharakisha hapo pa kukausha.

Shangazi: Kumbe ni kuoka.

Shemeji: Ndiyo shangazi, kuoka kwa upepo. Anayeinunua akijua hivyo anaifurahia. Anayetarajia karai la mafuta ndiye anayeiweka kabatini.

Kitinda: Hata wenyewe Philips walipoizindua Berlin mwaka 2010 walisisitiza hiyo hewa. Aliyeibuni ni Mholanzi, Fred van der Weij.

Kaka: Na oveni za feni zilikuwepo miaka mingi kabla ya hapo. Kipya ni udogo wake. Chumba ni kidogo, kinapata moto ndani ya dakika 3 hivi. Kwa hiyo mwenye oveni nzuri ya feni nyumbani hana haja kubwa. Mama, oveni yako bado inafanya kazi?

Mama: Marahaba wanangu wote. Oveni ilikufa zamani, humo naweka masufuria.

Kaka: Basi sababu ya kwanza hiyo imepatikana.

Dada: Mama, hebu tuambie wiki hii umepika nini na nini. Usiache hata kimoja.

Mama: Wali. Maharage. Mchuzi wa nyama. Samaki nimekaanga mara mbili. Viazi. Mapaja ya kuku. Mboga za majani kila siku. Mayai asubuhi. Na jana nimepasha samaki waliobaki, wakalegea, baba yenu hakuwapenda.

Shemeji: Asante mama, hapo ndipo pa kuamulia. Wali, maharage na mchuzi vitabaki kwenye sufuria, eafraya haina msaada wowote. Mboga za majani pia hapana, ni nyepesi, feni inazirusha juu zinagusa koili zinaungua. Samaki, viazi na kuku ndiyo kazi yake hasa. Na hao samaki wa jana ungewaweka nyuzi 170 kwa dakika 4 au 5, wangerudi kukauka juu bila tone la mafuta. Mimi kazi hiyo ya kupasha peke yake inanitosha kuipenda.

Dada: Wifi, hapo kwenye samaki fafanua. Mama samaki wake anawachovya kwenye uji wa unga.

Shemeji: Uji wa unga hapana kabisa. Kwenye mafuta mengi ule uji unaganda papo hapo. Kwenye eafraya unachuruzika kupitia matundu kabla haujaganda, unabaki na samaki uchi juu na gundi chini. Akitaka ganda: samaki afutwe maji hadi awe mkavu, apite kwenye unga mkavu, kisha yai lililopigwa, kisha chenga za mkate, halafu apakwe mafuta kidogo kwa brashi. Unga mkavu usiopata mafuta unabaki mweupe hata ukae humo saa nzima.
Asipotaka ganda ni rahisi zaidi. Samaki mkavu, chumvi, mafuta kidogo kwenye ngozi na kwenye kikapu. Nyuzi 200, kipande cha kawaida dakika 10 hivi. Na asimguse dakika za mwanzo! Ngozi ikiwa bado mbichi inanata kwenye matundu, ikishakaza inaachia yenyewe.

Shangazi: Hilo la kutomgusa ni hivyohivyo hata kwenye kikaango. Hapo nimekuelewa mwanangu.

Baba: Marahaba. Mmeniacha nyuma. Mimi nauliza chipsi. Zitakuwa chipsi?

Shemeji: Shikamoo baba. Sitakudanganya. Zinakaribia, lakini si zilezile. Zinakuwa kavu kidogo ndani, ladha yake iko kati ya chipsi na viazi vya kuchoma. Nzuri, lakini zina utaratibu wake, na wengi wanauruka.
Viazi vikatwe unene wa kidole, vyote sawa. Vilowekwe maji baridi nusu saa, wanga wa juu utoke. Kisha vikaushwe kwa kitambaa, si kuchujwa tu, vikaushwe mpaka kitambaa kilowe. Nusu kilo ya viazi, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, uvichanganye kwenye bakuli vyote ving'ae. Mafuta yale kidogo ndiyo yanayopeleka joto kwenye kiazi, ukiyaacha kabisa unapata viazi vigumu kama ubao. Nyuzi 180 dakika 15, ukitoa droo na kuvitikisa mara mbili, kisha nyuzi 200 dakika 5. Chumvi mwishoni, ukiitia mapema inavuta maji.

Baba: Kijiko kimoja hicho nakikubali. Daktari hawezi kunigombeza.

Kaka: Kijiko kimoja cha mafuta kina kama kalori 120, baba, na mnagawana na mama. Lakini niseme jambo: mashine haiponyi mtu. Ukijaza soseji humo, ni soseji zilezile, chumvi ileile, mafuta yaleyale ya ndani. Faida iko kwa vile ulivyokuwa unavizamisha kwenye mafuta.

Dada: Na ile habari ya viazi vilivyoungua kuwa na sumu?

Kaka: Ni akrilamaidi. Wanasayansi wa Sweden waliigundua kwenye vyakula mwaka 2002. Inatokea vyakula vya wanga kama viazi na mkate vikipata moto mkali, iwe ni kukaanga, kuoka au kuchoma, kwa hiyo hata eafraya haijasamehewa. Toa viazi vikiwa na rangi ya dhahabu, usingoje kahawia iliyokolea. Na kule kuloweka alikosema mke wangu kunaipunguza.

Kitinda: Mapaja ya kuku je? Ndiyo yangu hayo nikija 😋

Shemeji: Nyuzi 180, dakika 25 hivi, ngozi iangalie juu mwishoni. Yasipandane. Kuku usimwamini kwa rangi, hewa inapaka rangi nje haraka huku kwenye mfupa bado pabichi. Kipimajoto cha nyama kikisoma nyuzi 74 pale penye unene, bila kugusa mfupa, amekwisha kuiva. Hicho kipimajoto tumnunulie pamoja nayo, tafadhali.

Shangazi: Na umeme? Maana kila kitu chenye koili kinakula umeme.

Kaka: Nyingi ni wati 1400 hadi 1700. Chukua 1500: ukiiwasha dakika 20 mfululizo ni nusu uniti. Oveni kubwa ni wati 2000 na zaidi, na unaingoja dakika 10 au 15 ipate moto ukiwa bado hujaweka kitu. Kwa chakula cha watu wawili eafraya inashinda. Kwa chakula cha watu kumi utaiwasha awamu tatu nne, na ule unafuu unaisha.
Kinachonipa wasiwasi ni soketi. Mama ana ule waya wa kuongezea wenye birika na friji. Birika wati 2000, eafraya 1500, waya mwembamba ule unapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Eafraya ichomekwe ukutani moja kwa moja, peke yake. Na umeme ukikatika, betri ndogo ya sola ya taa za nyumbani haiiwezi, msijaribu.

Mama: Soketi ya ukutani iko ile ya dirishani tu.

Kaka: Inatosha. Ila mashine isibanwe na ukuta, nyuma inapumua hewa ya moto. Acha angalau sentimita 10, na pazia lisogezwe. Na isiwekwe juu ya jiko la gesi hata kama limezimwa.

Dada: Tuje kwenye ukubwa. Naona za lita 2, lita 4, mpaka 8.

Shemeji: Lita zinadanganya. Nyingine ni ndefu kwenda chini, na huku chakula kinatakiwa kitandazwe, hewa ipite pande zote. Angalia upana wa sakafu ya kikapu. Kwa baba na mama lita 4 zinatosha, lakini kwa kuwa wajukuu wanakuja kila mara ningesema 5 au 6, kikapu cha mraba. Zile za droo mbili mimi sizipendi kwa mama. Kila droo ni nyembamba, kuku mzima haingii, na inakula meza nzima.

Mama: Mimi hivyo vitufe vya kugusa kwenye kioo sivitaki. Sivioni vizuri.

Shemeji: Zipo za kuzungusha, mama. Kitasa kimoja cha joto, kingine cha dakika, basi. Ndizo hata mimi ningekuchagulia, hazina mengi ya kuharibika.

Shangazi: Na hiyo ngozi nyeusi ya ndani, si ndiyo ile inayobanduka tunailisha watu?

Shemeji: Inabanduka ikikwanguliwa, shangazi. Kijiko cha chuma na steelwool visiiguse. Ikipoa unatia maji ya moto na sabuni, unaacha, unafuta kwa sponji laini. Yale mafuta ya kopo la kupuliza kwa gesi pia yanaiharibu, yanaacha utando unaonata usiotoka. Brashi au chupa ya pampu inatosha. Na kabla ya kununua uliza kama kikapu cha akiba kinauzwa peke yake. Kama hakiuzwi, siku ngozi inaisha umetupa mashine nzima.

Kitinda: Nyingine zina kikapu cha chuma cha pua, au bakuli la kioo.

Shemeji: Zipo, chakula kinanata zaidi lakini hakuna cha kubanduka. Na kuna kitu nataka kumwambia baba. Ndege wako bado yuko jikoni?

Baba: Yuko pale karibu na dirisha. Kwa nini?

Shemeji: Ahamishwe, baba. Ngozi nyingi za kutonata ni za tefloni, na tefloni ikipata joto kupita kiasi inatoa mvuke unaoweza kumuua ndege hata kama sisi hatuusikii. Eafraya nyingi zinaishia nyuzi 200, chini ya joto hilo, lakini mapafu ya ndege ni dhaifu mno na siwezi kubahatisha. Chumba kingine kabisa, mlango ufungwe, na dirisha la jikoni liwe wazi. Siku ya kwanza hasa, kwa sababu mnaiwasha tupu dakika 15 kuondoa harufu ya kiwandani.

Baba: Atahamia sebuleni leo hii. Asante mwanangu.

Dada: Jamani hilo nisingelijua.

Kaka: Niongeze mawili ya hatari. Moja, mafuta hayamiminwi kwenye droo, kamwe. Nimeona watu wanajaza wakidhani ndivyo inavyokaanga, ule ni moto unaouita. Pili, karatasi ya kuokea isiwekwe tupu wakati inapata moto. Feni inainyanyua mpaka kwenye koili inawaka. Iwekwe ikiwa imekaliwa na chakula.

Mama: Na ikitoa moshi?

Shemeji: Moshi mweupe mara nyingi ni mafuta ya nyama yanayodondokea chini na kuungua. Kwa nyama yenye mafuta mengi tia maji kidogo kwenye droo, chini ya kikapu. Moshi mweusi, chomoa ukutani papo hapo, wala usifungue droo kwanza. Na mara kwa mara, ikiwa baridi na imechomolewa, chungulia juu kwenye koili uifute. Watu wanasafisha kikapu tu, kule juu mafuta yanajilimbikiza.

Shangazi: Mimi naona hivi. Wifi yangu goti linamuuma, na kusimama juu ya mafuta yanayochemka ndiyo kazi mbaya kuliko zote jikoni. Hii unaiweka, unakaa kwenye kiti, inalia yenyewe. Kwa hilo tu nimekubali. Lakini asinunuliwe kabla hajaijaribu.

Shemeji: Nitamletea yangu akae nayo kama wiki mbili. Ina vitasa vya kuzungusha. Akiona haimfai, ninairudisha na hakuna aliyetoa hela.

Dada: Wifi, hapo umemaliza. Basi michango isubiri. Kitinda, usitume kitu bado.

Mama: Nimekubali. Nitaanza na samaki, wa bila ganda. Na hiyo droo ikijaa ni nzito?

Shemeji: Ya kwangu si nzito mama, mkono mmoja unatosha. Ila ukiitoa iweke juu ya ubao, usiibebe ukitembea nayo.

Kaka: Jumamosi asubuhi nakuja kuangalia ile soketi ya dirishani kabla mashine haijafika. Baba, nisaidie kusogeza meza.